Mtarudi Lini? Niliyojifunza katika Huduma za Mkoba Wilayani Kilwa

Safari yangu ya kwanza ya kikazi kwenda Kilwa ilikuwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wakati magari yote yaendayo kusini yalipokuwa yakivuka mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na mto ukijaa abiria walilala ng'ambo wakisubiri. Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne. Ndani ya gari tulikuwa wanafunzi sita, mwalimu wetu wa afya ya jamii, wataalamu wawili wa maabara na dereva, na tulikuwa tumebeba hadubini mbili, masanduku ya slaidi, visindano vya kutobolea kidole na fomu nyingi kuliko dawa. Njia nzima niliwaza kwamba ninakwenda kuwahudumia wananchi. Leo, baada ya kushiriki safari za namna hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza kama mwanafunzi na baadaye kama daktari anayewapeleka wanafunzi wengine, naona kwamba mara ile tulikwenda kuchukua zaidi ya kutoa, na kwamba karibu kila nilichojifunza kuhusu huduma za mkoba, yaani zile zinazowafuata watu vijijini mwao, kilitokana na swali moja ambalo watu wa kijiji kile waliniuliza, nami sikuwa na jibu lake.

Kilichotupeleka ni ugonjwa wa matende na mabusha. Huletwa na minyoo myembamba kama uzi, ambayo kwa sehemu kubwa ya Afrika ni ya jamii ya Wuchereria bancrofti, na husambazwa na mbu. Minyoo waliokomaa hukaa ndani ya mishipa ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwili, kwa miaka sita hadi minane, na katika muda huo huzaa vimelea vichanga visivyoonekana kwa macho, ambavyo huzunguka ndani ya damu vikisubiri kufyonzwa na mbu mwingine. Mtu anaweza kuishi navyo miaka mingi bila dalili yoyote, hadi siku mguu unapoanza kuvimba usipungue, au korodani zinapoanza kujaa maji. Ukanda wa pwani ya Tanzania, kuanzia Tanga hadi Mtwara, umeujua ugonjwa huu tangu zamani. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa dunia nzima wa kuutokomeza, na mwaka huohuo Tanzania ikaanza kutoa kingatiba katika kisiwa cha Mafia: ivermectin na albendazole, mara moja kwa mwaka, kwa watu wote wanaostahili kumeza, wawe na dalili au wasiwe nazo.

Kabla ya dawa kufika mahali, ilikuwa lazima kupima damu ili ijulikane hali ilivyo. Hapo ndipo ugonjwa huu unapokuwa na tabia yake ya pekee. Vimelea vichanga hujificha mchana katika mishipa ya ndani ya mwili, hasa mapafuni, kisha hutoka na kujaa katika damu ya juu usiku, muda ambao mbu wanaovieneza huuma. Kwa njia iliyotumika siku zile, damu ilipaswa kuchukuliwa kati ya saa nne usiku na saa nane usiku. Sisi wanafunzi tulikuwa tumelisoma jambo hilo darasani tukalifurahia, kwa maana ni moja ya mambo ya ajabu katika somo la vimelea. Hatukuwaza hata kidogo namna litakavyosikika masikioni mwa mtu aliyezaliwa pwani.

Tulifika kijijini jua likizama. Mtendaji alikuwa amepokea barua kutoka wilayani na kuibandika mlangoni mwa ofisi ya kijiji, lakini ilikuwa barua ya kiofisi, yenye maneno kama "uchunguzi wa awali wa vimelea vya damu", na hakuna aliyekuwa amewakalisha watu chini akawaeleza kwa nini kazi ifanyike usiku. Saa nne tuliwasha karabai katika baraza la shule, tukapanga meza, tukaketi. Saa tano ikapita bila mtu. Tulisikia mbwa, tukaona tochi moja moja ikizunguka kwa mbali na kuzimika. Hatimaye mwenyekiti wa kitongoji alikuja peke yake, amejifunga shuka begani, akatusalimia vizuri, akakataa kiti. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia maneno ambayo nimeyarudia mbele ya wanafunzi wangu kila mwaka.

"Binti yangu, ninyi ni watu wa serikali, na sisi hatuikatai serikali. Lakini gari limeingia jioni, mmewasha taa usiku, mnataka damu, na dereva wenu hajazima gari. Mngekuwa ninyi ndio wenyeji, mngesemaje?"

Hakulitaja neno mumiani, na hakuwa na haja ya kulitaja. Tangu enzi za ukoloni, miji na vijiji vya pwani hii vimesimuliana habari za watu wanaokuja usiku na magari kuwanyonya wengine damu ili itengenezewe dawa. Mwenzangu mmoja alininong'oneza kwamba huo ni ujinga. Mwalimu wetu alimsikia, akanyamaza, na tulipokuwa njiani kurudi ndipo alipotueleza kwamba "damu yangu inakwenda wapi" ni swali ambalo kila mgonjwa ana haki ya kuuliza, na kwamba hospitalini hatuulizwi kwa sababu wagonjwa wanatuogopa, wala tusidhani kwamba ni kwa sababu wanatuamini.

Alichofanya usiku ule ni kumwambia dereva azime gari, kisha akajitoboa kidole chake mwenyewe. Aliweka tone juu ya slaidi, akaongeza tone la maji ya chumvi, akafunika kwa kigae chembamba, akamulika kioo cha hadubini kwa tochi na kumwomba mwenyekiti aangalie. Mzee aliinama, akafumba jicho lisilofaa, akarekebishwa, akaona chembe nyekundu za damu zimetulia. Halafu akanyoosha kidole chake. Nilikitoboa mimi. Ngozi yake ilikuwa ngumu kwa jembe na kamba za ngalawa, ikanibidi nirudie mara ya pili, naye hakushtuka. Safari hii aliangalia kwa muda mrefu. Katika tone lile kulikuwa na kitu kama kipande cha uzi mweupe, kikijikunja na kujinyoosha, kikizisukuma chembe za damu huku na huku. Alitupisha mmoja mmoja, tukaona, tukamrudishia. Aliuliza swali moja tu: "Na huyu mchana analala?" Mwalimu akajibu kwamba ndiyo, mchana hujificha ndani, na ndiyo maana tumekuja saa hizi, na damu yote tunayochukua ni hii iliyo juu ya kioo, haijai hata kijiko. Mzee aliondoka bila kuaga. Baada ya nusu saa alirudi na wake zake wawili, wanawe na majirani, na ilipofika saa saba tulikuwa na mstari uliozunguka kona ya darasa.

Ningependa habari hiyo iishie hapo, na kwa miaka kadhaa niliisimulia ikiishia hapo. Lakini alfajiri, tulipokuwa tukifunga vyombo, watu kadhaa walitukaribia kila mmoja kwa wakati wake wakiuliza jambo lilelile: "Mtarudi lini?" Tuliwajibu kwamba tutarudi. Slaidi zilikaushwa, zikapakwa rangi, zikasomwa, majina ya wenye vimelea yakapelekwa wilayani kama utaratibu ulivyotaka, ripoti ikaandikwa kwa Kiingereza, tukapewa alama zetu nzuri. Mwaka uliofuata nilipopata nafasi ya kurudi na kundi jingine, mwenyekiti yule alinipokea kwa heshima ileile, akanikaribisha barazani, akaagiza niletewe uji, na nilipomaliza kunywa akaniuliza majibu ya damu yao yako wapi. Orodha ilikuwa imefika wilayani na kukwama huko. Kijijini hapakuwa na hata mtu mmoja aliyeambiwa kama ana ugonjwa au hana, naye mwenyewe, aliyeona kwa macho yake mnyoo ukicheza katika damu yake, alikuwa amekaa mwaka mzima akijua na hajapewa hata kidonge kimoja.

Nimeona makosa mengi katika kazi hii, na mengine nimeyafanya mwenyewe, ila hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Hatukumdanganya mtu. Kila mmoja wetu alitimiza sehemu yake, na sehemu zote zilipowekwa pamoja, mtu aliyetukabidhi kidole chake usiku hakuwemo. Tangu hapo, nilipopata sauti katika kupanga safari, nimeshikilia jambo moja hadi wenzangu wamenizoea: hatuchukui damu, mkojo, picha wala jibu la dodoso mahali ambapo hatujapanga siku ya kurudisha majibu, na siku hiyo inaandikwa katika daftari la kijiji kabla ya sindano kutoka sandukuni. Majibu ya kila mtu anapewa mwenyewe faraghani. Hali ya kijiji kizima inasomwa kwenye mkutano, kwa Kiswahili, bila jina la mtu. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo chini ya mwembe wa shule, mkutano ulichukua saa tatu, na sehemu kubwa ya muda huo ilitumika kujadili madafu.

Inafaa nieleze habari ya madafu. Pwani ni imani ya siku nyingi kwamba anayekunywa madafu sana hupata busha, na wataalamu wengi huichukulia kuwa jambo la kukanushwa kwa sentensi moja. Mimi pia niliikanusha hivyo, mpaka mzee mmoja akaniuliza mbona basi watu wa bara, ambako minazi haioti, hawana mabusha mengi kama ya pwani. Hoja yake ilinifundisha kwamba wazee hawa waliutazama ugonjwa kwa makini kwa vizazi vingi na wakaona ukweli mmoja mkubwa, kwamba palipo na minazi pana mabusha. Joto na unyevu unaoustawisha mnazi ndio unaomstawisha mbu na mnyoo ulio ndani yake. Walipatambua mahali, ila mbu ni mdogo na hadubini hawakuwa nayo. Tangu nilipoanza kueleza hivyo, kwa kukubali kwanza walichokiona, watu wamekuwa wakinisikiliza hadi mwisho, na wengine humalizia wenyewe: kwa hiyo dafu halina kosa, mwenye kosa ni anayetuuma usiku chini ya mnazi.

Kambi za upasuaji wa mabusha zilikuja baadaye. Busha hutibika. Kwa kawaida ni upasuaji mfupi ambao hospitali ya wilaya inaweza kuufanya, wa kutoa maji na kukata au kugeuza mfuko unaoyazalisha, na mwanamume aliyekuwa hawezi kuvaa suruali, kupanda baiskeli wala kuswali safu moja na wenzake anarudi katika maisha yake. Tulipopanga kambi yetu ya kwanza tulikuwa na madaktari bingwa wa upasuaji, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, vifaa vya kutosha na orodha ya vitanda. Tukatuma gari la matangazo lipite vijijini siku mbili likitangaza kwa kipaza sauti kwamba wote wenye mabusha wajitokeze siku ya Jumatatu saa mbili asubuhi kwenye zahanati, gari litawachukua bure.

Jumatatu walijitokeza wanaume wanne, wote wazee sana, ambao waliniambia kwamba umri wao umeshawaondolea aibu. Wengine wote walikuwa wametusikia vizuri kabisa. Hakuna mwanamume mwenye mke na watoto atakayetoka nyumbani kwake asubuhi kweupe, majirani wakimtazama, kupanda gari ambalo kijiji kizima kimeambiwa linabeba wenye mabusha. Isitoshe, ulikuwa mwezi wa Novemba. Kusini, Novemba ni korosho. Mkulima anayekuacha umpasue mwezi huo, kisha umwambie asibebe kitu kizito kwa wiki kadhaa, amekubali zao la mwaka lioze chini ya mti. Katika vikao vyetu vyote vya maandalizi jijini hakuna aliyeuliza habari ya korosho, kwa sababu kalenda tuliyoifuata ilikuwa ya mitihani ya chuo.

Waliotuokoa ni wale wazee wanne. Walipopona, mmoja wao alianza kwenda misikitini na kwenye mabaraza ya bao, na bila mtu kumtuma alikuwa akimvuta mtu pembeni na kumwambia, "Mimi nilikuwa nalo, sasa sina." Msimu uliofuata tulipanga kambi baada ya mavuno. Hatukutangaza ugonjwa wowote. Zahanati ilifungua siku ya kliniki ya wanaume kwa matatizo yote, kuanzia shinikizo la damu na kisukari hadi ngiri, na mtu aliandikishwa ndani, mlango umefungwa, na muuguzi wa kiume. Usafiri ulikuwa wa basi la kawaida kwa nauli tuliyorudisha hospitalini. Vitanda vilijaa kwa siku zote za kambi, na kwa mara ya kwanza nilimwona kijana ambaye hata miaka thelathini hajafikisha, aliyekuwa ameahirisha kuoa kwa sababu ya ugonjwa huu bila kumwambia yeyote, hata mama yake.

Hata hivyo kambi ile nayo ilikuwa na pengo, nalo ni lilelile la kurudi. Tulipasua kwa siku tano, siku ya sita tukafungasha. Siku ya tisa mgonjwa mmoja alianza kuvimba na kupata homa. Alikwenda zahanati ya kijijini kwao, na mhudumu aliyemkuta, ambaye hatukuwa tumemwandaa kwa lolote, alihofia kugusa kidonda cha "madaktari wa Dar" akamwambia asubiri warudi. Alisubiri siku tatu. Alipofikishwa hospitalini kwa bodaboda, kidonda kilikuwa kimejaa usaha, na alilazwa muda mrefu kuliko wenzake wote, huku nduguze wakiuza mbuzi kwa gharama za kumhudumia. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mwaka mzima uliofuata, kijijini kwao hakutoka mtu hata mmoja kuja kupasuliwa, na sikuona sababu ya kuwalaumu.

Siku hizi hatuhesabu kambi kuwa imekwisha siku ya mwisho ya upasuaji. Daktari mmoja na mwanafunzi mmoja hubaki wilayani hadi nyuzi za mgonjwa wa mwisho zitolewe. Wiki moja kabla ya kambi, wahudumu wa zahanati zote ambako wagonjwa watatoka huja hospitalini, wanasimama nasi chumba cha upasuaji, wanafunga vidonda wenyewe, wanaondoka na vifaa vya kufungia na namba ya simu ambayo mtu ataipokea usiku. Mambo haya yanagharimu kuliko kununua fulana na kuchapa mabango, na hayapendezi kwenye picha, kwa hiyo kila mwaka inanibidi niyapiganie upya katika bajeti. Nitaendelea kuyapigania, kwa sababu nimemwona mtu aliyelala ubavu siku tatu juu ya jamvi akitusubiri.

Kwa upande wa matende nilifundishwa na bibi mmoja ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba tangu ujana wake. Mguu wa tende mara nyingi haurudi ukubwa wake wa zamani, na hapo hospitali nyingi huishia kumwambia mgonjwa kwamba hakuna dawa. Kauli hiyo inaficha nusu ya ukweli. Kinachomtesa mgonjwa zaidi ya uvimbe wenyewe ni homa zinazomrudia, mtoki unaovimba kinenani, mguu unaowaka moto na harufu inayomfanya akae mbali na watu, na mengi ya hayo husababishwa na bakteria wanaoingia kupitia nyufa za ngozi katikati ya vidole. Mguu ukioshwa kila siku kwa sabuni na maji safi, ukakaushwa vizuri hadi kwenye mikunjo, ukapakwa dawa penye nyufa, ukainuliwa wakati wa kupumzika na kufanyishwa mazoezi, ukavishwa kiatu kisichobana, homa zile hupungua sana.

Niliyajua yote hayo, nikayasema mbele yake kwa ufasaha, nikiwa nimesimama na karatasi mkononi. Bibi alinisikiliza, akaniambia, "Mjukuu wangu, umenieleza vizuri, lakini hujaushika." Nilipiga magoti, nikaomba beseni. Ilinichukua karibu nusu saa kuuosha mguu ule, kwa sababu mikunjo ilikuwa na kina kirefu na kidole changu hakikuweza kupita kati ya vidole vyake. Taulo tulilokuja nalo lilikuwa nene na halikuingia popote. Yeye ndiye aliyechana upande wa khanga kuukuu ukawa utepe mwembamba, akaupitisha kati ya vidole akivuta huku na huku kama mtu anayesuka mkeka, hadi pakakauka. Njia ile ya utepe wa khanga ndiyo tunayoifundisha hadi leo, na ninawaambia wanafunzi imetoka wapi.

Tulipomaliza alinionyesha ndoo. Maji niliyotumia yalikuwa nusu ya maji ya siku nzima ya nyumba yake, na kisima kilikuwa mbali. Aliyeyachota ni mjukuu wake wa kike kabla ya kwenda shule. Ushauri wangu wa kuosha mguu kila siku, niliokuwa nimeutoa kwa sentensi moja, ulikuwa unamwongezea mtoto yule safari ya pili ya kisimani kila asubuhi. Tangu siku hiyo, kabla hatujamshauri mgonjwa wa tende jambo lolote, mwanafunzi anatakiwa ajue maji yanatoka wapi, ndoo ngapi, nani anayachota na sabuni inanunuliwa na nani. Kwa bibi yule tulikubaliana aoshe kwa bakuli badala ya beseni, maji ya mwisho yamwagiwe mchicha, na mwanawe wa kiume, ambaye alikuwepo muda wote akisikiliza, akasema baiskeli anayo na ndoo mbili za asubuhi atazileta yeye. Hilo la mwana lisingepatikana kama tungezungumza na mgonjwa peke yake ndani ya chumba, kama hospitalini tunavyofundishwa.

Kuhusu zoezi la kumeza kingatiba sina maneno mengi, ingawa ndilo linalobeba uzito wa mpango mzima. Watu walituuliza kwa nini mzima anywe dawa, na kama si njia ya kuwafunga uzazi. Swali la kwanza linajibika kwa kuonyesha kwamba mnyoo hukaa miaka bila dalili; la pili halijibiki kwa maelezo ya daktari mgeni, linajibika mgawa dawa anayeishi kijijini anapomeza mbele ya watu, pamoja na mke wake, na mwaka unaofuata wanapata mtoto. Jambo ambalo sisi wa hospitali tulichelewa kulisema wazi ni kwamba dawa huweza kuleta homa na maumivu ya kichwa kwa siku moja au mbili, hasa kwa mwenye vimelea vingi, kwa kuwa vinakufa kwa pamoja. Aliyeonywa mapema huvumilia. Asiyeonywa huwaambia jirani zake kwamba ametiliwa sumu, na katika hali kama hiyo huwezi kusema kwamba amesema uongo.

Wanafunzi ninaowapeleka sasa huja na simu zenye kila kitu ndani, na kipimo cha haraka cha antijeni, kinachotambua dalili za mnyoo katika damu bila kumtafuta kwa hadubini, kimetuondolea kazi ya kuamsha watu usiku, kwa maana hicho hufanya kazi saa yoyote. Ninafurahi kwa ajili ya wenyeji. Nawahurumia kidogo wanafunzi, kwa kuwa hawatasimama kwenye baraza la shule saa tano usiku wakimngoja mtu ambaye ana sababu zake za kutokuja. Ili wasikose kabisa, ninawapa kazi moja ambayo haimo katika mtaala: kabla ya kuondoka, kila mmoja aandike jina la mgonjwa aliyemhudumia, tatizo analobaki nalo, na mtu wa palepale kijijini ambaye amemkabidhi mgonjwa huyo uso kwa uso. Asiyeweza kujaza sehemu ya tatu anarudi kijijini na gari la mwisho kuijaza.

Mwenyekiti yule wa zamani ni mzee sana sasa. Uongozi wa kitongoji umeshikwa na mwingine, lakini daftari la wageni amebaki nalo yeye, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Safari yetu ya mwisho aliletwa na mjukuu wake hadi kwenye gari tulipokuwa tukipakia. Hakuniuliza mimi. Alimwendea mwanafunzi wa kike aliyekuwa akifunga sanduku la vifaa, akamfungulia daftari juu ya boneti la gari, akamkabidhi kalamu. Binti akanitazama. Nikanyamaza. Akafungua orodha yake, akahesabu kwa kidole wanaume waliopasuliwa wiki ile, kisha akaandika kwa herufi kubwa ili mzee aweze kusoma: Jumatano, saa tatu asubuhi, kutoa nyuzi, watu kumi na mmoja. Mzee akamwomba aongeze jina lake na namba ya simu, akasubiri hadi wino ukakauka ndipo akafunga daftari.